Nikiwa sitting room Lanet, niliambia wazungu kifaa chao kipya kinadanganya

Wakuu, niaje. Hii stori sijaitia chumvi. Mathe, yaani mamangu, alikuwa hapo, anaweza kunisuta.

Mimi nilikulia mtaa wa Kaptembwo, huku Kenya. Physics ikanipeleka ng'ambo, kwa lab yenye accelerator. Hiyo ni mashine ndefu inayokimbiza proton, vipande vidogo sana vya atom, ndani ya bomba la chuma. Huo mkondo wa proton ndio tunaita beam.

Kazi yangu ni vipimo. Vifaa vya kutuambia beam iko wapi na inamwagika wapi.

Msidharau. Beam yetu ni kali. Ikigusa ukuta wa bomba ikiwa full power, inatoboa chuma kabla hujapepesa jicho. Na huwezi ingia kuchungulia, kuna radiation. Unaamini kifaa tu.

Sasa, mathe alifanyiwa operation ya goti, nikaja kwake Lanet kumwangalia. Kazi nikawa nafanya online.

Beam ikimwagika, mashine hujizima yenyewe, na wiki hiyo ilianza kujizima kila mara. Kulikuwa na kifaa kipya cha kupima position. Kilisema beam imeegemea kushoto, operators wakaisukuma kulia mpaka kikasema iko katikati.

Bado ikajizima.

Boss wangu, mama anaitwa Ingrid, akaamua bomba limepinda hapo. Mashine ifunguliwe. Hiyo ni kusimamisha kazi ya watu wote kwa wiki kadhaa.

Mimi nikaona kitu kwa data. Kile kifaa kina masikio mawili, moja kila upande. Beam ikiegemea upande mmoja, sikio la huko linasikia zaidi, na ukijumlisha yote mawili unajua proton ngapi zimepita. Jumla yake ilikuwa chini kuliko ya kifaa cha nyuma yake, na pia chini kuliko cha mbele yake.

Proton haziwezi kupotea hapo alafu zirudi mbele kidogo. Nikarudia hesabu mara nne.

Tukaingia meeting mchana.

"Sikio la kulia halisikii vizuri," nikasema. "Ndio maana kinadhani beam iko kushoto. Sisi wenyewe ndio tunaisukuma kwa ukuta."

Ingrid akanijibu pole pole, "Kifaa kilipimwa kabla kiwekwe. Na wewe uko Kenya, hujawahi hata kukigusa."

Iliniuma. Nilikuwa mdogo kuliko wote, na contract yangu ilikuwa karibu kuisha. Nikafunga mic.

Mathe alikuwa ameweka mguu kwa stool. Hiyo English ya proton hakuishika, lakini sauti yangu anaijua. Akaniambia, "Si ni wewe umeona? Basi sema vile umeona."

Nikafungua mic tena. "Nipeni dakika kumi. Punguzeni beam iwe hafifu, isiharibu kitu, alafu muirudishe kushoto. Nikikosea, fungueni mashine."

Ingrid akakubali. "Dakika kumi."

Hapo ndio stima ikapotea. Wifi ikaenda nayo. Nikaingia na hotspot ya simu, video ikakataa, nikabaki na sauti tu.

Nikasikia operator akisoma vile proton zinamwagika. "Zinashuka. Bado zinashuka." Alafu, "Zimeisha."



Fundi alienda chumba cha electronics, nje ya radiation, akapata waya wa upande wa kulia haujakazwa. Akaukaza na vidole. Jioni hiyo mashine ilikuwa full power, na haikujizima.

Ingrid akaandikia team yote: aliyeona ni mimi, na yeye alikosea kunijibu vile. Contract yangu ikaongezwa, na sasa mimi ndio naongoza kukagua vifaa vipya vyote. Mathe alipigia ndugu zake wote simu. Amewaambia nilitengeneza bomu, bado narekebisha hiyo.

Nilichojifunza: kifaa kuwa kipya si ushahidi. Kiulize, alafu uulize jirani zake. Na kama hesabu yako imekubali mara nne, usimeze maneno kwa sababu uko mbali ama uko junior.

Mko na mizani, mita ama mashine ya hospitali iliwahi kuwadanganya? Mlijuaje? Niko hapa nasoma zote.