Shefu na Bomba la Shaba

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa hata nyundo. Shefu, mkuu wa atelye yetu, yaani karakana, alinishika bega akanipitisha mbele ya chupa za gesi, moja moja, kama bibi harusi anayetambulishwa kwa wakwe. Kulikuwa na oksijeni, na kulikuwa na asetileni, ile gesi inayowaka. Zikikutana kwenye shalimo, yaani mdomo wa kuchomea, moto wake unayeyusha chuma. Shefu alikuwa mtu mfupi, mkali, asiyependa kurudia neno.

"Weye mupya, sikia," aliniambia. "Hapa Likasi shaba iko kila fasi. Lakini kwa hii gaz, tuyau, bomba ya shaba, hapana. Hata kipande."

"Juu ya nini, Shefu?"

"Inazala vumbi mubaya mule ndani. Ikikauka, ukiikwangula kidogo tu, inapasuka. Na weye unapasuka nayo."

Nililishika neno hilo kwa sababu lilinishangaza. Mji mzima ulikula kwa shaba, nasi tuliambiwa tuiogope.

Nilifanya kazi chini yake miaka mingi. Katikati walinituma Koni, kwenye mtambo wa umeme wa mto Lufira, kuziba mabomba makubwa yanayoshusha maji. Mkuu wetu huko alikuwa enjenia Mzungu aliyekagua kila mshono kwa taa na kidole. Ukikosea alisema "Recommencez", anza upya, bila kukutazama usoni. Nilirudi atelye nikijiona fundi kamili, na Shefu akanikaribisha kwa kunipa fagio.

Halafu ikaja miaka ya tisini, ambayo sina hamu ya kuisimulia. Migodi ilinyamaza, viwanda vikaifuata, wakubwa wakaondoka mmoja mmoja. Chupa za asetileni hazikuja tena. Oksijeni ilipatikana kwa kubahatisha, vijiti vya kuchomelea kwa umeme vilikwisha, na umeme wenyewe ulikuja ulipopenda. Wenzangu wengi walikwenda kulima au kuuza unga sokoni. Mimi nilibaki kwa sababu Shefu alibaki.

Ndipo alipobuni mashine yake. Alichukua pipa la mafuta akalitia maji, akafudikiza ndani yake pipa dogo linaloelea. Chini ya hilo dogo alining'iniza kikapu cha chuma chenye mawe ya karbidi. Karbidi ikiguswa na maji hutoa asetileni. Gesi ikijaa, pipa dogo hupanda na kukiinua kikapu nje ya maji, na gesi hukoma yenyewe. Ukiitumia, pipa hushuka tena. Tulitengeneza vinu vya mahindi, vitanda vya wagonjwa, baiskeli za wabeba makaa. Nilijivunia mashine ile kama vile nimeibuni mimi.

Kisha pampu ya maji ya mtaa wetu, kule Kikula, ikafa. Bomba lake la kupandishia maji lilikuwa limepasuka kwenye maungio. Watu wakanywa maji ya mashimo, watoto wakaharisha, tukaanza kuzika. Binti yangu Mado, aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza shule, alilala bila nguvu hata ya kufukuza nzi. Niliogopa sana. Nilikuwa nashika koleo na kusahau nilitaka kufanya nalo nini.

Wakati huohuo bomba jembamba la mashine, la chuma, lililopeleka gesi kwenye shalimo, likaliwa na kutu na kuanza kuvujisha gesi. Tulitafuta jingine mji mzima. Wauza vyuma chakavu walikuwa wametutangulia. Lililopatikana, tena tele, ni la shaba.

Shefu alilifunga mwenyewe. Akaniona ninavyomtazama.

"Minye najua," alisema. "Ni minye niliwafundisha. Nitaiosha kila mangaribi, haitakauka. Tukimaliza pampu, ninaitoa."

"Na kama inakauka, Shefu?"

"Mutoto wako iko anakunywa maji gani leo?"

Nikaokota shalimo. Tulichomelea, na kila jioni aliliosha bomba lile kwa mkono wake. Jumamosi maji yakatoka. Akina mama waliimba, wakambeba Shefu mabegani, naye akilalamika kwamba wanamchafulia shati. Jioni ile hakuna aliyemwachia arudi atelye kuliosha bomba. Jumapili atelye ilifungwa, na jua likawaka juu ya mabati yake kutwa.

Jumatatu asubuhi alilitazama bomba, akatuambia, "Mutoke inje bote."

Nilimsihi tuliache tu, tufunge mlango.

"Kesho muntu atakuja kuiba hii shaba," alisema. "Atakufa bila kujua kitu. Minye najua fasi ya kushika."

Alilimwagia maji mengi kwanza, nililiona hilo kupitia dirishani. Lakini vumbi lilikuwa limekauka ndani ya nati, mahali ambapo maji hayafiki. Alipoizungusha, mlio wa kwanza ulikuwa mdogo. Wa pili, wa gesi iliyobaki kwenye pipa, uling'oa bati.

Mkuu wa idara, mmoja wa wakubwa wachache waliobaki, alikuja, akatazama vipande. "Mashine yake yeye mwenyewe njo imemuua," alisema, akarudi kwenye gari. Mtaani walisema ni uchawi. Nilizikasirikia kauli zote mbili, na bado nazikasirikia.

Mado alipona. Mimi nikaendelea na kazi mpaka macho yalipogoma, nikastaafu bila sherehe. Siku hizi mafundi vijana hunijia na simu zao, wananisomea habari za wataalamu waliouawa na vitu walivyovibuni wenyewe. Wanacheka kidogo, halafu wananiuliza kama Shefu naye alikosea.

Nimechoka na swali hilo. Waniulize habari za karbidi, za shalimo, za mshono wa bomba la maji, nitawajibu hadi koo likauke. Kama Shefu alikosea, wamtafute mtu ambaye mtoto wake hakunywa maji yale ya mashimo, huyo ndiye awajibu.