Siku Gari Liliponyamaza

Gari la baba yangu lilikuwa linaongea. Sitanii. Lilikuja kutoka Japani likiwa limeshatumika, jeupe, viti vya rangi ya kahawia, na ndani ya dashibodi kulikuwa na sauti ya mwanamke. Ukiacha mlango wazi, anasema. Ukisahau taa, anasema. Anasema Kijapani, kwa upole, kama muuguzi anayekuomba unyooshe mkono.

Baba alilinunua kwa kiinua mgongo chake. Serikali ilikuwa imeamua kuuza viwanda, na kiwanda alichokifanyia kazi tangu ujana wake kikapata mwenye mali mpya, na mwenye mali mpya akapunguza watu. Siku hizo pale mtaani kwetu Sombetini kila aliyepunguzwa alikuwa na ushauri wa kumpa mwenzake: fungua duka, nunua mashine ya kusaga, fuga kuku. Mama yake baba, aliyekuwa akiishi juu mlimani na ambaye sisi wajukuu tulimwita koko, alikuwa na neno moja tu: ng'ombe. Baba akanunua gari, alifanye teksi. Tangu hapo koko hakumuuliza tena habari za kazi. Aliuliza za watoto, za mvua, za kanisani, basi.

Kijapani hakikumsumbua baba. Haikupita wiki alikuwa ameshayajua maneno yote bila kuijua lugha. "Hilo la mlango," ananiambia. "Hilo la taa." Akiwa na furaha anaijibu ile sauti: "Asante, dada." Abiria walicheka, wengine waliufungua mlango makusudi ili wamsikie. Mambo yalikuwa yanakwenda.

Kisha jirani yetu, mama mmoja muuza mitumba, akaleta televisheni.

Mtaa mzima ulihamia sebuleni kwake. Taarifa ya habari ikiisha kulikuwa na mchezo wa kigeni, na adui katika mchezo huo hakuwa mtu. Lilikuwa gari la rangi ya fedha, lisilo na dereva, lililotiwa akili ya kompyuta na wataalamu, kisha likawazidi akili wataalamu wenyewe. Halikuwa na makelele. Lilikukaribisha kwa sauti ya mwanamke mpole, likakuuliza unakwenda wapi, na ukishakaa tu, milango klaa! Hutoki. Sauti ya mwanamke mpole, jamani! Kati ya sauti zote za dunia hii! Aliyeutunga mchezo ule ningempata ningemuuliza baba yangu alimkosea nini.

Watoto walianza kulikimbilia gari letu na kulipigia kelele, halafu wanalikimbia. Hao ni watoto. Lakini watu wazima, wenye ndevu zao, walikuwa wanalitazama gari, wanamtazama baba, wanasema, "Leo hapana, mzee, nitatembea." Wanasema huku wanacheka, lakini hawapandi. Baba naye alicheka nao siku za mwanzo.

Kilichomuumiza hasa ni koko. Kwetu kitu kipya, iwe nyumba au ng'ombe, hakijawa chako mpaka mzazi akibariki kwa maziwa na majani mabichi. Baba alikuwa anaingoja baraka hiyo tangu siku gari lilipofika, na alikuwa hataki kuiomba. Alitaka mama yake aione teksi inavyofanya kazi, akubali mwenyewe.

Koko akateremka mjini kutibiwa macho, akalala kwetu, na jioni akapelekwa kwa jirani kuona televisheni. Hakuwahi kuiona. Kwenye habari walionyesha basi lililopinduka, basi la kweli, watu wanalia kando ya barabara. Habari zikaisha, gari la rangi ya fedha likaingia, na hakuna aliyemwambia koko kwamba sasa tumetoka kwenye kweli tumeingia kwenye mchezo. Kwake yote yalikuwa ni jambo moja: basi limepinduka, na hili ndilo gari linaloua watu. Mwenye nyumba ndiye aliyekuwa akitafsiri, na chumvi aliongeza yeye.

Asubuhi baba akamfungulia mama yake mlango wa nyuma. Yule dada wa ndani ya gari akasema neno lake. Koko akaurudisha mguu chini.

"Ndilo lile," akasema.

"Yeyo," baba akamwita, kwa neno letu la mama, "hili ni gari langu. Linasema mlango uko wazi."

"Umejuaje? Kijapani umesoma lini?"

"Nimelizoea, yeyo."

"Hata wale walilizoea. Nimewaona mwenyewe."

Akajifunga shuka lake vizuri akashika njia ya mlimani kwa miguu, na macho yake yale mabovu. Baba alimfuata na gari polepole, kichwa kiko dirishani, anambembeleza, mpaka koko akamwambia aache kumwaibisha mbele za watu. Baba alirudi nyumbani akakaa ameshika tama. Mama akamwambia, "Mwache, atazoea." Baba akajibu kitu ambacho sijakisahau: "Hajakataa gari. Amenikataa mimi."

Sikukuu ya mavuno ilikuwa inakaribia. Jumamosi mchana nilikuwa nimekaa kizingitini namenya ndizi, nikamwona baba amelala chali chini ya usukani, miguu iko nje, plaizi mkononi. Akauvuta waya mmoja, akaukata. Akatoka, akafungua mlango. Kimya. Akafunga, akafungua tena. Kimya.

"Haya, dada, pumzika," akasema, lakini hakucheka.

Kesho yake tukapanda mlimani, mimi na yeye, tumevaa nguo za kanisani, kumchukua koko twende naye kwenye mavuno. Koko aliuona mlango ukifunguliwa, akainamisha kichwa kusikiliza. Akaufunga mwenyewe, akaufungua mwenyewe. Akaagiza kibuyu cha maziwa. Akachovya majani, akanyunyiza boneti, akazunguka magurudumu yote akiomba kwa Kiarusha, na mwisho akamnyunyizia baba kichwani. Baba aliinama kama mtoto wa kipaimara. Nilimwona akilia. Sikuwa nimewahi kumwona akilia, hata siku alipoleta barua ya kiwandani.

Mimi nikakaa mbele na kikapu cha mavuno mapajani. Koko akaingia nyuma, akauvuta mlango taratibu, vile alivyouvuta mlango wa nyumba yake miaka yote. Ncha ya shuka lake ikabaki katikati, mlango ukashika nusu. Baba hakuutazama. Alikuwa anamtazama mama yake kwenye kioo, na milango alikuwa ameshaacha kuikagua zamani. Alizoea kuambiwa.

Tukateremka. Barabara ilikuwa na makorongo, na kwenye kona ya juu ya kijito gari likainamia upande mmoja. Sikusikia ukelele. Nilisikia upepo umeingia kwa mlango wa nyuma, kisha baba akakanyaga breki. Koko alikuwa mtaroni chini ya mikahawa, kilemba kiko kichwani vilevile, anatafuta kwa mkono kitu cha kushika. Nyonga ilivunjika. Alitibiwa, akarudi nyumbani, lakini kutembea hakutembea tena, na kanisani alikokuwa akienda kila Jumapili kwa miguu yake hakwenda tena mpaka alipopelekwa kuzikwa.

Baba aliuunga ule waya wiki ileile. Abiria wakilalamika anawaambia, "Anayetaka gari bubu yako mengi stendi." Na hata dada akiwa amenyamaza, alikuwa anashuka na kuusukuma kila mlango kwa mkono. Mlimani hakulipeleka tena. Alikuwa analiacha barabara kuu, tunapanda kwa miguu, sukari na sabuni mkononi.

Koko alikuwa anakaa kwenye kiti nje, na kila mgeni alisimuliwa. "Siku zote linaongea," anasema. "Jirani wanalisikia, watoto wanalisikia. Siku niliyopanda mimi likanyamaza kimya. Lilikuwa linanivizia. Lilisubiri nilibariki kwanza." Wageni wanatikisa vichwa, wanasema loo, pole bibi. Baba amekaa palepale, anasema, "Ndiyo, yeyo."

Siku moja nilishindwa. Nilikuwa nimekua kidogo, na hasira nilizaliwa nazo. Koko alikuwa ameshika mkono wa baba anamwambia, "Wewe huna kosa, mwanangu. Kosa ni la hilo gari." Nikafungua mdomo. Nilitaka kusema gari lile ndilo peke yake lililotaka kumwonya, na kwamba alizibwa mdomo dada wa watu kwa ajili ya uongo wa sebuleni kwa jirani. Baba akanitazama. Nikaufunga.

Tulipokuwa tunateremka nikamuuliza baba atamwacha koko aamini hivyo mpaka lini. Alitangulia mpaka lilipo gari. Akaufungua mlango, dada akasema, akaufunga, akausukuma kwa kiganja.

"Mwache alichukie gari," akasema. "Mimi nimebaki na mama mmoja."