Siku Injini Ilipougua Jinja

Jana kijana wa gereji ya jirani, hapa Mbale, alimwaga dizeli kwenye vumbi, mvua ikalipiga, na harufu ile ikanirudisha Jinja, kwa Baba. Sijui kama nitasimulia vizuri. Shule niliiacha mapema, na mengine huenda niliyasikia kwa watu nikayafanya yangu. Ila siku hii niliiona kwa macho.

Baba alianzia kwenye feri ya serikali, ile iliyovusha watu kwenda visiwani. Feri ikasimama. Wako waliosema serikali iliitupa, wako waliosema chombo kilikuwa kimechoka tu. Mimi nilikuwa mdogo, siwezi kuhukumu mtu. Kampuni ya feri na ya mabasi ilikuwa moja, kwa hiyo Baba akapewa basi la Jinja kwenda Mbale. Lakini alibaki na tabia ya majini. Kwenye feri, ukimwacha mtu gatini umemwacha mpaka kesho. Basi kila mara kabla ya kuondoka alishusha kioo, akatoa kichwa, akaangalia barabara yote nyuma kama anaangalia ufuko. Akiona hata mmoja anakimbia, anamngoja. Abiria walimtania: "Kapteni, toa nanga bwana, maji imetulia."

Wakubwa wake hawakucheka. Basi la serikali lilipendwa kwa sababu liliondoka kwa saa yake, na hapo nao walikuwa na haki. Wakamwonya kwamba akichelewesha tena, kazi imekwisha. Na nyumba tuliyolala ilikuwa ya kampuni.

Wiki hiyo hiyo habari ikaja kutoka Wanale, mlimani karibu na Mbale, kwamba Haboba, mama yake Mama, amezidiwa. Haboba ndivyo sisi Wanubi tunavyomwita nyanya. Mama akanitanguliza stendi nimshikie kiti, yeye akaenda mtaa wa Kimaka kumwacha mdogo wangu mwenye homa kwa shangazi. Nikaketi nyuma ya Baba, mkono juu ya kiti cha Mama kana kwamba kingetoroka.

Saa ikafika, Mama hayupo. Na siku hiyo alipanda Inspekta Wafula, mkaguzi wa kampuni, mtu wa uso mkavu, ambaye makondakta walisema hata kivuli chake hukikatia tiketi. Akaketi mbele kabisa. "Afande, saa imefika," alimwambia Baba, kwa sauti ya chini tu.

Baba akatoa kichwa. Barabara tupu. Akawasha gari. Nilitaka kusema kitu, ila akiwa kwenye usukani Baba alikuwa Afande, mkubwa wa gari, hata kwetu. Injini ikanguruma kidogo, kisha akaizima. Akashuka, akafungua boneti, akasema injini si nzuri.

Inspekta naye akashuka. Niliwaona wameinama pamoja, hawagusi kitu, hawasemi. Mwishowe Inspekta akawageukia abiria. "Hii gari haiwezi kwenda hivi. Mtuvumilie." Akamtuma kondakta maji, akamwambia asikimbie. Mama mmoja muuza samaki alilalamika kwamba samaki wake hawajui mambo ya injini, na kusema kweli hasara ile tulimtia sisi.

Mama akatokea, viatu mkononi, jasho likimtiririka. Akapanda, akaketi. Baba akafunga boneti, gari likawaka mara moja, nami nikajaa majivuno: baba yangu anaponya injini kwa kuitazama tu.

Baba akarudi Jinja na basi lake; Wanale mimi na Mama tulimkuta Haboba amelala, amefumba macho. Mama akamshika mkono. Lazima niseme kwamba Haboba hakuwahi kumkubali Baba. Alitaka mkwe mwenye shamba, akaletewa mtu wa feri, na tangu harusi hakuwahi kumtumia hata salamu. Mimi sikuyajua hayo. Kimya cha chumba kikanishinda, nikaanza kusimulia: jinsi injini ilivyougua, jinsi Afande na Inspekta walivyoitazama mpaka ikapona, na kwa bahati nzuri Mama akafika wakati huo huo. Hiyo bahati niliirudia mara kadhaa.

Haboba akafumbua macho. Akamtazama Mama, akacheka, kicheko kidogo kilichogeuka kikohozi. Mama akageukia ukuta, mabega yakitikisika. "Mjukuu," Haboba akaniambia, "ukirudi, mwambie mkwe wangu nimemsalimu."

Baada ya siku chache tulimzika.

Kazi ya Baba ilibaki. Hakuna nyumbani aliyenisahihisha. Nilikuwa nimeshaolewa, namngoja mtu wangu stendi, ndipo ikanijia kwamba injini ile haikuwa na ugonjwa wowote, na kwamba Inspekta alijua tangu alipoinama. Nilikuwa nimemdhania ubaya mtu yule miaka yote.

Lakini salamu niliifikisha mapema, siku tuliyorudi. Baba alikuwa anakula. Nikamwambia, "Haboba amesema, mwambie mkwe wangu nimemsalimu." Akaacha kutafuna. Akaniomba niseme tena. Nikasema tena, polepole na kwa sauti kubwa, nikidhani hakusikia.