Mikono ya Asiya Dirishani

Aliya aliacha kusikia akiwa na miaka minne, baada ya homa kali, na tangu hapo mama yake, Asiya, akawa ndiye masikio yake. Asiya anaanika ndagala, wale dagaa wa ziwani, kwenye ufuo wa Rumonge. Mashine za mitumbwi zikinguruma pale, hakuna anayemsikia mwenzake, kwa hiyo wanawake wanaongea kwa mikono: njoo, mvua hiyo, leta kikapu. Mtu akijipiga bega mara mbili, maana yake angalia nyuma, gari la samaki linakuja. Lugha hiyo ndiyo aliyokulia Aliya.

Shuleni alifika mwaka wa tisa kwa kusoma midomo. Madamu Domitille, mwalimu wake wa Kifaransa, alikuwa akisimama mbele yake na kutamka polepole, wala hakumgeuzia mgongo. Sasa ukaja mtihani wa taifa, ule unaoamua nani aendelee na masomo na nani arudi kwenye samaki. Na katika mtihani ule mwalimu hasimamii wanafunzi wake mwenyewe. Wanaletwa wageni, na mgeni ndiye anayesoma dikte, ile imla ya Kifaransa.

Asiya akamwendea direkta, mkuu wa shule.

"Amahoro, Bwana Direkta. Naomba Madamu Domitille ndiye asome ile dikte. Mutoto wangu anasikia kwa macho."

"Mutihani iko moja kwa watoto wote, Mama Aliya. Tukimupendelea mumoja, wengine watasema nini?"

Upendeleo! Mtoto anaomba kuona mdomo wa mtu, basi, naye anaambiwa upendeleo. Hata hivyo direkta alimwonea huruma, akaahidi kumwambia msimamizi asimame mbele. Kama alimwambia au alisahau, Mungu ndiye anajua.

Siku ya mtihani Asiya hakwenda ufuoni. Alizunguka nyuma ya shule mpaka kwenye dirisha la darasa, akajibanza hapo. Msimamizi, bwana mmoja kutoka Minago, alianza vizuri, akasoma sentensi za kwanza amesimama mbele ya ubao. Kisha, kama walimu wanavyopenda, akaanza kutembea kati ya madawati huku anasoma, hadi akafika nyuma kabisa. Wanafunzi wengine wakaendelea kuandika. Aliya alishika kalamu tu, anatazama ubao mtupu, hajui kwamba dikte inaendelea bila yeye.

Asiya alivumilia, akashindwa. Miaka tisa ya shule ilikuwa inapotea mbele ya macho yake. Akapunga mikono, na Aliya alipotazama dirishani, mama akajipiga bega mara mbili.

Aliya akageuka. Msimamizi akamwona mtoto amegeuka, kama anayetazama karatasi ya jirani wa nyuma, halafu akamwona mwanamke dirishani anarusha mikono. Angefikiri nini kingine? Akaja mpaka mbele ya dawati, akachukua karatasi.

"Unaiba mutihani," alisema, na maneno hayo Aliya aliyasoma vizuri sana.

Ofisini Asiya alilia, akaapa, akajipiga bega tena na tena kuonyesha maana yake. Madamu Domitille naye aliwasihi mpaka sauti ikamkauka. Haikusaidia kitu. Mtihani wa Aliya ulifutwa.

Njiani mama alimsimamisha mwanawe ili amweleze, amwombe radhi, lakini alipoinua tu mikono Aliya akafumba macho.

Sasa wanaanika ndagala pamoja. Wanawake wengine wakimwita kwa mikono, Aliya anakuja. Asiya akiinua ya kwake, mtoto anafumba macho.