Niliwasha Flashi kwa Kidole

Nimekosa, na waliokuwa chumbani siku ile hawajui kwamba mkosaji ni mimi. Wanajua picha hazikutoka, basi. Naandika bila jina kwa sababu mdomo wangu ukifika kwenye jambo hili unajifunga. Mniwie radhi kama nitaandika ovyo. Nimezoea kuandikia daftari langu, na daftari haliniangalii usoni.

Mimi ni msichana wa kidato cha tatu hapa Nachingwea. Nakaa kwa baba mdogo, ambaye ni mpiga picha. Ni mtu wa aibu mimi, tena aibu ya kuumiza. Darasani jibu nikilijua sinyooshi mkono. Mwalimu akinitaja jina, viganja vinalowa jasho.

Rafiki nilikuwa naye mmoja tu. Nitamwita Somoe, ingawa si jina lake. Kwao ni Mtua. Mama yake alianza kuumwa mvua za kwanza zilipoanguka, akawa anapungua kila nikimwona. Siku moja Somoe akanivuta pembeni.

"Mama anataka picha," akasema. "Hajawahi kupigwa hata moja maisha yake yote. Anataka apigwe na sisi wanawe, sasa hivi, wakati bado anaweza kukaa."

Baba mdogo alikuwa anakwenda Ruangwa kwenye msiba wa ukweni kwake, asingerudi wiki hiyo. Alikuwa ameshanifundisha kupiga, kwa hiyo akaniachia kamera. Ila kabla hajaondoka aliniita, akanionyesha flashi.

"Hii kitako chake kimelika, na ile pete ya kukazia imeshakufa," alisema. "Ukiipachika juu ya kamera utaona imekaa, kumbe imerudi nyuma kidogo. Ikirudi hata kidogo haipati habari kwamba umefyatua. Ndiyo maana naifunga mpira. Ukipiga ndani ya nyumba, mpira usiufungue. Umenielewa, mama?"

Nikasema nimeelewa. Na kweli nilielewa. Hapo ndipo ninapojichukia zaidi.

Mpira wenyewe ulikuwa kipande cha tyubu ya baiskeli, cheusi, kimezungushwa mara mbili kuifunga flashi na kamera pamoja. Kwenye mahafali ya shule yetu wavulana walikiona. "Oya, fundi pancha huyo! Anko, hata kamera nayo imekanyaga mwiba?" Baba mdogo alicheka nao, akawaambia wajipange vizuri asije akawaziba na wao. Mimi nilitamani kuingia chini ya dawati. Tangu siku hiyo wakaniita Pancha.

Jumamosi asubuhi nikachukua baiskeli kwenda Mtua. Nilipokaribia kwa akina Somoe nikasimama kwenye mikorosho, nikaufungua ule mpira, nikautia kwenye mfuko. Sikutaka watu wa huko nao waanze kuniita Pancha. Nikaisukuma flashi mbele kwa kiganja, nikaitikisa, ikatulia. Kamera ikapendeza, ikawa kama kamera za watu. Nikajiambia imekaza.

Mama Somoe walikuwa wamemkalisha kitandani. Khanga mpya, kilemba, poda kidogo usoni. Hakutaka kutolewa nje. "Majirani wakae na ile sura yangu ya zamani," alisema, akajaribu kucheka. Chumba kilikuwa na dirisha moja dogo, na mwanga wake haukufika kitandani. Somoe akakaa kulia, wadogo zake wawili kushoto. Bibi yao, aliyezoea Kimwera na Kiswahili anakiokoteza, akasimama nyuma yangu kusimamia kazi.

"Mwanangu, cheka," akamwambia binti yake. "Ugonjwa uko tumboni. Meno hayajaumwa hayo."

Nikabonyeza. Kamera ikalia, flashi haikuwaka.

Chumba kizima kikanitazama. "Mbona haijawaka?" mtoto mmoja akauliza. Masikio yakaniwaka moto. Nilijua sababu. Nilikuwa na mpira kwenye mfuko. Nilichotakiwa kusema ni kitu kidogo sana: samahani, flashi imelegea, naomba niifunge. Nikashindwa. Kichwani niliwaona wakiniangalia nikizungusha kipande cha tyubu kwenye kamera, nikashindwa.

Nyuma ya ile flashi kuna kitufe kidogo cha kujaribia. Ukikibonyeza inawaka yenyewe, kamera haina habari. Nikakiwekea kidole gumba. Kidole cha shahada kikafyatua kamera, gumba likawasha flashi.

Chumba kikajaa mwanga. "Eee, hapo sasa," bibi akasema. Wale wadogo wakapiga makofi.

Nilipiga hivyo mara nne. Kila mara nasikia kamera imelia kwanza, mwanga unafuata. Nikajidanganya kwamba labda moja imekutana na mwanga kamera ikiwa bado wazi.

Mama Somoe akaniuliza, "Mwanangu, nimetoka vizuri?"

"Umetoka, mama," nikamjibu.

Akalala akiwa ametulia. Njiani kurudi niliufunga ule mpira kama ulivyokuwa.

Baba mdogo aliporudi aliimalizia filamu ile kwa kazi nyingine, akaituma Mtwara kwa basi ikasafishwe. Haijarudi, mama Somoe akafariki. Nilikwenda msibani. Somoe aliniegemea begani akasema, "Angalau picha ipo." Alisema hivyo mara mbili. Nilimshika mkono.

Bahasha ilipofika niliifungua kabla baba mdogo hajaiona. Picha za nje zote nzuri. Zile za chumbani zote zilikuwa nyeusi, limetoka dirisha tu, kijidirisha cheupe pembeni. Hakuna kitanda wala watu. Niliziweka juani nikazigeuza huku na huku kama mjinga, nikidhani nitaona hata kilemba.

Baba mdogo akauchukua mkanda wa filamu uliokuja na picha, akauinua mlangoni kwenye mwanga. Hakuchukua muda.

"Flashi haikuwaka."

"Iliwaka, baba mdogo. Watu wote waliiona."

"Mpira ulikuwepo?"

"Ulikuwepo."

Akaniamini. Akapanda baiskeli mwenyewe mpaka Mtua kuwaomba radhi, akawaambia flashi yake ni mbovu na kosa ni lake. Nilikwenda naye, nikasimama nyuma yake. Bibi hakupiga kelele. Alimuuliza tu, "Ule mwanga tuliuona sisi. Umekwenda wapi?" Baba mdogo, mtu mzima yule, akainamisha kichwa kwa ajili yangu, nami ninamwona, na bado sikusema.

Mtua hawakumwita tena. Walisema anawasha taa za uongo. Flashi ameifungia kwenye sanduku, anapiga picha za nje peke yake. Harusi za ndani anakataa. Nikimsikia anakataa, ninatoka naenda kukaa uani.

Somoe hakuwahi kunilaumu. Ningeweza kuvumilia kama angenilaumu. Mwezi uliopita tulikuwa tumekaa nyuma ya darasa, akaniambia, "Sura ya mama inaanza kunipotea. Siku ile mimi nilikuwa pembeni yake, sikumwona. Wewe ndiye uliyekuwa mbele. Hebu niambie alikaaje. Alicheka?"

Nikatafuta kichwani. Sikukuta kitu. Mara zote nne jicho langu lilikuwa kwenye kamera, lakini akili yangu yote ilikuwa kwenye kidole gumba, kisichelewe. Mtu alikuwa mbele yangu anaagana na dunia, mimi namwangalia bila kumwona.

"Alicheka," nikasema.

Akafuta machozi, akasema, "Nilijua tu." Akaniomba nimweleze tena. Nikamweleza tena, nikiongeza na mengine.

Somoe, ukisoma hapa utajitambua. Sijui kama mama alicheka. Mpira niliufungua mimi, kwenye mikorosho, kwa kuogopa kuchekwa. Baba mdogo hana kosa lolote. Jumamosi nitakuja Mtua kuyasema haya mbele ya bibi, na kama nitashindwa kufungua mdomo, nitampa mtu asome karatasi hii kwa sauti.

Na ninyi wenzangu wenye aibu kama yangu, mnaoshika kitu kimelegea mkononi huku watu wanawatazama, msikiwekee kidole ili kionekane kinafanya kazi. Semeni. Watu watacheka kidogo, kisha watasubiri. Mimi wangenisubiri. Mama Somoe alikuwa ameshakaa.