Regina na Swali la Baba Mkwe

Regina wa Mwandiga si mtu wa kuonewa. Mnunuzi wa mawese akijaribu kumpunja, atarudi kwake Gungu kashika kichwa. Lakini siku alipokwenda kuutetea utafiti wake wa shahada mbele ya wahadhiri, aliinamisha macho na kujibu kwa sauti ya chini, vile alivyolelewa kuwaheshimu wakubwa. Wahadhiri wale, wageni huku Kigoma, wakaona mtu anayeficha kitu. Wakamuuliza kama kazi ile aliandikiwa. Wakamwambia arudi mwezi ujao, na asipowaridhisha, shahada ndiyo basi tena.

Kuandikiwa! Mwanamke aliyesoma huku ananyonyesha, aliyezunguka Kidahwe nyumba kwa nyumba akiwauliza mabinti kwa nini waliacha shule! Ilimuuma sana.

Mumewe, Selestini, alimfanyisha mazoezi, lakini mume hatishi mtu. Kila swali liliishia kwenye kicheko. Ndipo baba yake Selestini, Mzee Bonaventura, aliyekuwa akiwasikia kutoka barazani, akaita, "Mleteni kwangu."

Nyumba nzima ikapigwa na butwaa. Kwa Waha wa umri wa mzee huyo, mkamwana hamkodolei macho baba mkwe. Tangu aolewe, Regina hakuwahi kumtazama usoni.

"Nitazame," mzee akasema. "Ukiniweza mimi, hao walimu wako utawamudu."

Regina akainua uso. Akaanza kueleza kwa kusuasua, kisha maneno yakamjia yenyewe. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akauliza:

"Hao mabinti, nani aliwatoa shule?"

Regina akahamisha macho. Binti wa mzee mwenyewe, Esther, aliachishwa shule kidato cha pili, na wote pale walimjua aliyemwachisha.

"Ni baba zao," akasema chinichini.

"Sijasikia."

"Ni baba zao, baba!" Safari hii hakuyahamisha macho.

Mzee akaitikia kwa kichwa, polepole. "Ego, ndiyo. Waambie hivyo hivyo."

Mwezi uliofuata akawaambia hivyo hivyo, na wahadhiri wakasimama kumpa mkono. Alirudi Mwandiga akicheka peke yake nyuma ya bodaboda. Alipomwamkia mzee na kumpa habari, Mzee Bonaventura alifurahi waziwazi, akaagiza kuku achinjwe. Kisha akatoa simu mfukoni, akamkabidhi.

"Mpigie Esther," akasema. "Muulize kama bado anataka kusoma. Mimi naona aibu."