Mama Mkwe Hali Tena Chakula Changu kwa Sababu ya Bima

Mhariri, pokea salamu zangu. Nakuomba ulifiche jina langu, maana ukurasa huu husomwa hata na majirani zetu.

Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na minane, mama wa watoto wawili, naishi Iringa. Nilisoma hadi darasa la kumi, na tangu shuleni nina desturi ya kuandika shajara kila siku, kwa tarehe. Mume wangu ni kontrakta wa kuezeka vigae. Yeye hupanda paani na mafundi wake. Mimi hushika barua na hesabu.

Mwaka huu amepata kazi kubwa Mbeya, nyumba ya ghorofa ya mfanyabiashara mmoja. Tajiri huyo alitaka kwanza tukate bima. Wakala alituletea aina tatu tuchague. Ya kwanza hulipa kigae kikimwangukia mpita njia. Ya pili hulipa fundi akiumia kazini. Hizo tulizikata zote mbili, na mafundi wakacheka sana. Mmoja akaniambia, "Bibi, sasa nikianguka nina thamani kuliko nikipanda."

Nikamwuliza wakala, je, mume wangu? Akasema bima ya mafundi haimhusu mwenye kazi. Yeye akatiwe ya tatu, ya maisha yake. Hapo nilishtuka. Kwa mafundi wetu, kofia za paa, yaani vigae vya kileleni kabisa, hupangwa na mwenye kazi kwa mkono wake. Fundi akizigusa ni kama amemvua ukubwa wake. Basi anayesimama juu kuliko wote ndiye pekee asiye na bima.

Mume wangu alinitania kwamba nataka afe nipate cherehani, lakini akatia sahihi karatasi ya bima hiyo, akaenda Mbeya. Yakabaki maswali machache ya kujazwa katika karatasi hiyo. Watu wa bima walitaka kujua baba yake na babu yake walikufa kwa maradhi gani, naye alifiwa akiwa mdogo mno, hajui. Nikaenda kijijini Idodi kwa mama mkwe.

Nilimwamkia, "Kamwene, mama," nikaketi, nikatoa kalamu, nikauliza. Sasa naona nilimwuliza mjane kama karani aulizavyo. Aliacha kupepeta.

"Mwanangu anaumwa?"

"Hapana mama, ni mzima."

"Sasa kifo chake unakitafutia njia ya nini?"

Nikaeleza habari ya bima. Kadiri nilivyoeleza kwamba fedha zitakuja kwangu na watoto, ndivyo alivyozidi kunitazama mikono. Mwishowe alinijibu yote, polepole, kama mtu anayetoa ushahidi barazani.

Baada ya siku chache alikuja kwangu na mkeka wake. Hagombi. Watoto anawapakata. Ila chakula changu hagusi. Huchoma mahindi yake mwenyewe, na kila nikishika kalamu husogeza kigoda karibu.

Juma lililopita dereva wa lori alileta habari kwamba fundi mmoja ameteleza juu ya mbao zilizolowa manyunyu, amevunjika mkono. Mama mkwe alitoka nje uani walikokuwa majirani, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Huyo alikuwa wa kujaribia. Mwanangu akianguka, mnamjua aliyeuliza njia."

Tangu hapo jirani niliyekuwa nikichota naye maji hutangulia peke yake.

Nilimtuma dereva huyo akamsihi mume wangu amwachie fundi mwingine kofia. Amerudisha jibu kwamba mambo ya wanawake tuyamalize wenyewe, na kwamba mvua haimngoji mtu. Jumatatu ya juma lijalo anapanda kileleni.

Wakala atapita Alhamisi kuchukua karatasi. Nikimpa, kisha mume wangu akapatwa na jambo, ukoo mzima utasema nilimuuza, na sidhani kama wataniachia watoto. Nisipompa, naye akaanguka, watoto hao nitawalisha nini? Na mama mkwe hajasahau kwamba niliuliza. Hilo halifutiki tena.

Kila Jumapili huandika katika shajara tarehe za siku nane zinazofuata, ndipo nijaze siku kwa siku. Safari hii nilifika Jumapili ijayo, mkono ukakataa kuandika ya Jumatatu. Mama mkwe alikuwa kando yangu. Akauliza, "Mbona umeishia hapo?"

Wasomaji wenzangu, hasa mlioolewa, nishaurini kabla ya Alhamisi. Karatasi hii niitoe, au niichome moto mbele ya macho yake?